Barua ya wazi kwa Bodi ya Shule na Halmashauri: Watoto wa kidato cha nne wafundishwe masomo ya kidato cha nne

Kwa:
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri,
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri.

YAH: WATOTO WA DARASA LA MTIHANI KUTOFUNDISHWA MADA ZA MWAKA WAO

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa binti anayesoma kidato cha nne katika mojawapo ya shule za kata zilizo chini yenu, huku kwetu kusini. Jina la shule silitaji, kwa sababu ninyi mnaijua, barua zetu mnazo, na sipendi watoto wanaosoma pale wanyooshewe vidole. Naandika hadharani baada ya njia za ndani kugonga mwamba. Tulianza kwa mwalimu wa taaluma, tukaenda kwa mkuu wa shule, tukaiandikia Bodi. Tukaambiwa tusubiri kikao cha wazazi. Kikao kilipofika ajenda ilikuwa moja tu, mchango wa kambi, yaani watoto wa darasa la mtihani kulala shuleni, na mzazi aliyenyoosha mkono kuuliza habari za ufundishaji akajibiwa kuwa hilo ni suala la kitaalamu, waachiwe walimu.

Ualimu ni taaluma, na nawaheshimu walioisomea. Lakini daftari la mtoto wangu ninaweza kulisoma, na nililoliona humo ndilo linalonifanya niandike. Tangu mwishoni mwa Februari darasa la mtihani limeacha kufundishwa. Watoto wanapewa mtihani Jumatatu, unasahihishwa, wanapewa mwingine Alhamisi. Kuna mitihani ya wiki, ya mwezi, ya ujirani mwema inayofanywa pamoja na shule jirani, na sasa wanaandaliwa kwa moko, ule mtihani wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa. Katikati ya mitihani hiyo yote, zile mada ambazo mwaka wa nne uliwekwa kwa ajili yake zimeachwa pembeni.

Kwa msomaji asiye na mtoto wa umri huu, nieleze kidogo. Mwanafunzi wa kidato cha nne ana masomo saba ya lazima: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Juu ya hayo wapo wanaochukua Fizikia na Kemia, wapo wa biashara, na wapo wenye somo la dini. Kila somo lina muhtasari wake, na kila muhtasari una mada zilizopangwa kufundishwa mwaka wa nne, hazikufundishwa mwaka wa tatu wala hazitarudiwa popote kwa mtoto asiyeendelea kidato cha tano. Wengi wa watoto wetu hawataendelea. Mada watakayoikosa mwaka huu wameikosa moja kwa moja.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mada za mwaka wa nne hazijafundishwa

Nianze na Hisabati, maana niliisoma hadi kidato cha sita na siyumbishwi kirahisi. Muhtasari wa mwaka wa nne una mada nane: jiometri ya majira nukta, eneo na mzingo, maumbo ya pande tatu, uwezekano, trigonometria, vekta, matriksi na mageuzo, na programu mstari. Daftari la binti yangu lina tarehe kila ukurasa, mwalimu wake wa msingi alimzoesha hivyo. Januari waliingia jiometri ya majira nukta wakaifanya vizuri tu. Wakaenda eneo na mzingo. Mwishoni mwa Februari wakagusa maumbo ya pande tatu. Baada ya hapo kurasa zinabadilika, kila moja ina kichwa cha mwaka wa mtihani na namba ya swali, na chini yake jibu lililonakiliwa ubaoni, mengine bila hata njia.

Vekta hamna. Uwezekano hamna. Matriksi yapo maswali kadhaa, kwa sababu watoto wameambiwa hiyo "inatoka". Nilimwomba anifanyie moja. Akabadilishana namba ya juu kushoto na ya chini kulia, akageuza alama za zile mbili zilizobaki, akagawanya, akapata. Nikampa nyingine ambayo ditaminanti yake, ile namba ya kugawanyia, ni sifuri. Akafuata hatua zilezile mpaka alipotakiwa kugawanya kwa sifuri, akasimama na kalamu mkononi. Hajawahi kuambiwa kuwa matriksi ya namna hiyo haina kinyume, wala kwa nini. Mtoto huyu hana tatizo la akili. Alichokosa ni mtu wa kusimama mbele yake kwa vipindi vinne vitano akamfundisha mada kuanzia mwanzo.

Karatasi ya Hisabati ina maswali 14 na yote ni ya lazima, kumi ya alama sita na manne ya alama kumi. Hakuna kuchagua. Mtoto ambaye hajafundishwa nusu ya mada za mwaka wa nne anaingia chumba cha mtihani akiwa ameshapoteza maswali ambayo hata hayajui kwa sura. Kitaifa, katika miaka ya karibuni, wanaofaulu Hisabati wamekuwa karibu mmoja kati ya wanne. Ukilitazama daftari hili unaelewa wale watatu wengine wanatoka wapi.

Historia inaniuma kwa namna nyingine. Daftari limeishia kwenye uchumi wa kikoloni, yaani mada za kidato cha tatu zilizobebwa kuingia mwaka huu. Mwaka wa nne ulipaswa kuwafundisha mdororo mkuu wa uchumi ulioanza 1929 na vita vikuu viwili, harakati za uhuru, mabadiliko ya siasa na uchumi baada ya uhuru, na nafasi ya Afrika katika mambo ya kimataifa. Mtoto wa Kitanzania anaweza kumaliza shule yetu akiwa amefundishwa kwa kina namna Mjerumani alivyotoza kodi ya kichwa, asifundishwe tulivyojikomboa, Azimio la Arusha la 1967 lilitaka nini, wala kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977.

Na sisi wa kusini tuna sababu zaidi ya kulionea uchungu jambo hili. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoanzishwa Addis Ababa Mei 1963, Kamati yake ya Ukombozi iliwekwa Dar es Salaam, na wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walifanya mafunzo yao hapa hapa kwetu, Nachingwea. Wazee wanaoikumbuka kambi ile bado wapo vijijini. Mwalimu angeweza kumwalika mmoja akaja kukaa na darasa kwa vipindi viwili, watoto wakaandika wenyewe walichosikia. Badala yake wana karatasi iliyotolewa kopi yenye kichwa "hoja sita za kila swali", na wameambiwa wazikariri.

Jiografia wameruka utafiti na wameruka idadi ya watu. Nchi imefanya sensa Agosti 2022, tukahesabiwa watu 61,741,120, takwimu zipo, mgawanyo wa umri upo, wa mkoa kwa mkoa upo. Ni mada inayojifundisha yenyewe. Utafiti nao, msimu wa korosho watoto wangetumwa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika wakaulize maswali, wakachora jedwali, wakaandika walichogundua. Wanachofanya sasa ni kusoma ramani tu, kwa kuwa swali la ramani ni la uhakika. Uraia sitauongelea sana, hali ni hiyohiyo: utamaduni na utandawazi vimefupishwa kwenye kurasa mbili.

2. Shule inafundisha ili kufuta ziro

Hapa ndipo penye mzizi, na naomba mnisome kwa makini.

Kila mtu katika wilaya yetu anajua msemo wa "kufuta ziro", yaani kuhakikisha hakuna anayepata daraja la sifuri. Upo kwenye mabango, upo kwenye hotuba za viongozi, na wakuu wa shule wanapimwa kwa huo. Sasa tazameni hesabu yenyewe. Daraja hupangwa kwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Daraja la nne linaishia pointi 33, na 34 au 35 ni sifuri. Mtoto mwenye F tano na D mbili ana pointi 33. Huyo amefaulu. Na D inaanzia alama 30 kwa mia.

Maana yake ni kwamba mkuu wa shule anayetakiwa kufuta ziro hahitaji mtoto ajue masomo saba. Anahitaji mtoto apate 30 kwenye masomo mawili. Na shuleni kwetu masomo hayo yameshachaguliwa: Kiswahili na Uraia. Tangu Machi vipindi vya mchana vya Hisabati kwa wale waitwao "kundi la chini" vimegeuzwa kuwa vya kusolvu (kujibu) maswali ya Uraia. Kundi hilo lina zaidi ya nusu ya darasa. Hakuna mzazi aliyeulizwa. Mtoto wa miaka kumi na saba anaamuliwa na ratiba kuwa Hisabati, Baiolojia na Kiingereza si vyake tena, miezi minane kabla ya mtihani, na yeye mwenyewe anaelewa vizuri sana maana ya kuhamishiwa kundi lile.

Novemba watafanya mtihani. Matokeo yakitoka ziro zitakuwa zimepungua, halmashauri itapongezwa, na mtoto yule atakuja nyumbani na cheti chenye D mbili. Kidato cha tano kinataka C kwenye masomo yasiyopungua matatu. Vyuo vya afya vinataka ufaulu wa Baiolojia na Kemia. Cheti chake hakimfungulii mlango hata mmoja, lakini kwenye taarifa yenu amehesabiwa miongoni mwa mafanikio.

Hofu ya ziro naielewa ilikotoka. Matokeo ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walikuwa na sifuri, nchi ikatikisika, Waziri Mkuu akaunda tume. Hakuna mkuu wa shule anayetaka kurudi kule. Lakini tangu wakati ule ziro imekuwa ndiyo kipimo pekee kinachotazamwa, na watu wamejifunza kukitimiza kipimo bila kuwagusa watoto. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya mwaka 2022. Ngazi ya wilaya bado tunapanga shule kwa foleni na kuwasimamisha wakuu wa shule za mwisho mbele ya wenzao.

3. Baiolojia bila maabara

Baiolojia ni ya lazima kwa wote, hata kwa mtoto wa sanaa, na ina karatasi ya vitendo. Jengo la maabara tunalo. Wazazi tulichanga matofali na mchanga wakati wa kampeni ya maabara, tunalijua kila kona. Leo ndani yake kuna viti vibovu na magunia ya mahindi ya kambi.

Kipimo cha wanga kinahitaji myeyusho wa iodini na kijiko cha unga wa muhogo. Unadondosha, rangi inageuka bluu inayoelekea nyeusi, basi. Mtoto akiona mara moja hasahau. Binti yangu anaijua rangi hiyo kwa kuisoma. Hajawahi kuishika chupa ya iodini wala kuwasha kichomeo. Tumeambiwa wataingia maabara "maelekezo ya Baraza yakija", maana yake wiki chache kabla ya mtihani wataoneshwa kwa haraka kile kinachotarajiwa kutoka. Mada za jenetiki, ukuaji na mageuko ya viumbe hazijaguswa kabisa. Mada ya magonjwa ya zinaa na UKIMWI, ambayo kwa umri wao ni ya kuokoa maisha, nayo imeachwa, eti ni rahisi, watajisomea.

4. Kiswahili na Kiingereza vimegeuzwa kukariri

Mtu angedhani Kiswahili, kwa kuwa ndicho kinachotegemewa kufuta ziro, basi kinafundishwa vizuri. Muhtasari unataka mtoto asome riwaya, tamthiliya na diwani, azihakiki kwa akili yake, atunge, aandike insha ya hoja, hotuba na kumbukumbu za mkutano. Vitabu vya fasihi shuleni kwetu vipo nakala chache zinazokaa ofisini. Watoto wamepewa "uhakiki" uliochapwa, dhamira sita kwa kila kitabu na mfano mmoja chini ya kila dhamira.

Nilipata nafasi ya kuona karatasi za insha za darasa zima zikisubiri kusahihishwa. Nilizosoma zote zinaanza na sentensi moja, ile ya kwamba fasihi ni kazi ya sanaa itumiayo lugha kuwasilisha ujumbe kwa hadhira. Zote zina hoja zilezile kwa mpangilio uleule. Zipo zilizokosea jina la mhusika kwa kosa lilelile, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye kopi. Watoto hawa wamelelewa kwenye lugha hii, wanajua vitendawili, wanatunga nyimbo za jando na unyago, wanabishana kwa methali, na darasani wamefundishwa kwamba hayo yote hayana kazi.

Kiingereza ni vilevile, na madhara yake yanavuka somo lenyewe, kwa kuwa masomo mengine yanaulizwa kwa lugha hiyo. Swali la programu mstari lina sentensi tano sita za maelezo kabla ya kufika kwenye namba, na mtoto anakwama hukohuko. Ufahamu na uandishi ndivyo vingemsaidia. Vipindi vyake vimetolewa kwa majaribio ya sarufi ya kuchagua herufi.

5. Kambi na mchango wake

Sipingi kambi kwa jina lake. Watoto wanaotembea kilomita nyingi kwenda na kurudi wanafaidika kulala karibu na shule, na wazazi wengi tunashukuru. Ninalolilalamikia ni jinsi inavyoendeshwa.

Serikali ilifuta ada kuanzia Januari 2016. Ada ya shule ya kutwa wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Mchango wa kambi tunaodaiwa leo, ukijumlisha fedha taslimu, mahindi, maharage na karatasi za mitihani, unaizidi ada iliyofutwa, na unadaiwa Machi, wakati fedha ya korosho imeshakwisha na minada haitaanza tena hadi Oktoba. Asiyelipa mtoto wake anarudishwa nyumbani. Yupo mama jirani yetu, mjane, aliyeuza mbuzi wake wote ili mtoto arudi darasani, na mtoto aliporudi alikuta wenzake wanasolvu pepa zilezile za wiki iliyopita.

Ndani ya kambi watoto wanaamshwa saa kumi usiku na kulala saa tano. Wasichana wanalala kwenye chumba cha darasa ambacho dirisha lake moja halina wavu wala kitasa. Hili la dirisha tulilisema kwa mdomo, tukalisema kwa maandishi, na bado halijafanyiwa kazi. Kama yapo mambo kwenye barua hii ambayo mtaona yanahitaji kikao na bajeti, hili halihitaji.

Kuhusu majibu tuliyokwisha kupewa

Tumeambiwa walimu hawatoshi. Ni kweli, na hatumlaumu mwalimu aliyepo. Mwalimu wa Hisabati ni mmoja kwa shule nzima, anabeba vidato vinne, na akirudi nyumbani ana marundo ya karatasi za mitihani ya wiki za kusahihisha. Lakini ukimpunguzia mitihani umemrudishia saa za kufundisha. Upungufu wa walimu ni sababu ya kupunguza majaribio, na hapa unatumika kuyaongeza.

Tumeambiwa mitihani ya nyuma ndiyo inayoandaa watoto. Ndiyo, kwa mtoto aliyekwisha kufundishwa mada. Mwalimu yeyote mzoefu atawaambia kwamba pepa inapima kilichoingia kichwani, haikiingizi. Wiki nane za mwisho ziwe za pepa, hakuna mzazi atakayelalamika.

Tumeambiwa wazazi tulikubali wenyewe kikaoni. Tulikubali watoto wakae kambi wafundishwe. Muhtasari wa kikao upo, na hakuna mahali tulipokubali mada ziachwe wala watoto wagawanywe makundi.

Tumeambiwa mtaala unabadilika, tuwe na subira. Mtaala ulioboreshwa ulianza kuingia shuleni Januari 2024 kwa awamu, na tunautakia heri. Watoto wetu wanamaliza kwa muhtasari ule wa zamani na watatahiniwa kwa huo. Hawawezi kusubiri kitu kitakachowafikia wadogo zao.

Na tumeambiwa, hili lilituumiza kuliko yote, kwamba watoto wenyewe hawana uwezo. Waheshimiwa, hawa ni watoto wanaopima korosho gramu kwa gramu na kujua makato ya ushirika kabla ya karani hajamaliza kuandika. Wafundisheni kwanza, halafu mpime uwezo.

Tunachoomba

Tumebakiwa na muda hadi Novemba, na haya yote yanaweza kuanza shule zitakapofunguliwa.

Tunaomba kila mwalimu wa somo atoe orodha ya mada za mwaka wa nne, ikionesha ipi imefundishwa, ipi imeguswa na ipi haijaanza, na orodha hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na isomwe kwenye kikao cha wazazi. Azimio la kazi na shajara ya darasa vipo tayari kwa utaratibu, hatuombi kitu kipya.

Tunaomba mitihani ya wiki isitishwe hadi mwisho wa Agosti. Ibaki moko na mtihani mmoja wa kila mwezi. Saa zitakazopatikana zirudi kwenye mada, kwa kuanzia Hisabati, Baiolojia na Historia ambako pengo ni kubwa.

Makundi yavunjwe. Kila mtoto asome masomo yake yote saba. Anayehitaji msaada zaidi apewe muda wa ziada, asinyang'anywe somo.

Kwa Hisabati, Halmashauri iazime walimu kutoka shule jirani zenye zaidi ya mmoja, hata kwa siku mbili za wiki, na mchango wa kambi tuliokwisha kuutoa utumike kwa nauli na posho ya walimu hao badala ya kuchapa karatasi. Yupo pia mwalimu mstaafu wa Hisabati hapa kijijini ambaye amejitolea kufundisha bila malipo. Barua yake ya kujitolea iko kwa mkuu wa shule na haijajibiwa.

Magunia yatoke maabara. Ratiba ya vitendo ya Baiolojia ianze mara moja, kila wiki, kwa wanafunzi wote.

Nakala za vitabu vya fasihi zitoke ofisini na kusomwa kwa zamu darasani. Zikipungua, wazazi tuko tayari kuchangia vitabu, na tutachangia kwa moyo zaidi kuliko tulivyochangia kopi.

Mapato na matumizi ya kambi yasomwe hadharani, na hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa mchango. Dirisha la chumba cha wasichana litengenezwe wiki hii.

La mwisho ni kwako, Afisa Elimu. Tunaomba unapowapima wakuu wa shule, uulize pia ni watoto wangapi wamepata C tatu na kuendelea, na ni mada ngapi zimekamilika kwa kila somo. Wakuu wa shule watafundisha kile unachokihesabu. Ukiendelea kuhesabu ziro peke yake, mwakani barua kama hii ataiandika mzazi mwingine.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku kumi na nne. Tukiyakosa, wazazi tumekubaliana kupeleka jambo hili kwa wadhibiti ubora wa shule na ofisi ya mkoa, tukiwa na madaftari ya watoto mkononi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha nne,
kwa niaba ya wazazi waliosaini orodha iliyoambatanishwa na nakala iliyowasilishwa ofisini.

Nakala:
Mdhibiti Mkuu Ubora wa Shule wa Wilaya,
Diwani wa Kata,
Mkuu wa Shule,
Wazazi wote wa kidato cha nne.